Kutoka Matisi hadi Bungoma: Barua ya Perestrello na Nchi Iliyodhaniwa Tupu

Vitabu vinavyomtaja Bartolomeu Perestrello, Mreno aliyekabidhiwa kisiwa cha Porto Santo katika karne ya 15, humpeleka msomaji Lisbon, Madeira na Piacenza. Njia niliyoichagua mimi iko mbali na bahari. Inaanzia Matisi, pembezoni mwa mji wa Kitale, inapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, inateremka Webuye, kisha inashika upande wa Bukembe hadi Bungoma. Perestrello hakuwahi kusikia habari za Mlima Elgon, wala hakuna Mreno wa zama zake aliyefika huku. Hata hivyo nashikilia kwamba mambo mawili yanayoufungamanisha ukoo wake na dunia yetu yanaonekana wazi zaidi kwenye barabara hii kuliko kwenye kisiwa chake mwenyewe. La kwanza ni zao linalojaza mashamba pande zote mbili za lami. La pili, nalo ndilo zito, ni fikra kwamba mtawala aliye mbali anaweza kuandika barua na kumpa mtu mmoja na kizazi chake nchi nzima. Kule Porto Santo fikra hiyo haikumnyang'anya mtu shamba, kwa kuwa kisiwa hakikuwa na watu. Madhara yalianza ilipopelekwa penye watu.

Kwanza mtu mwenyewe. Baba yake, Filippo Pallastrelli, alikuwa mfanyabiashara kutoka Piacenza, kaskazini mwa Italia, aliyehamia Ureno mwishoni mwa karne ya 14. Jina likabadilika kufuata ulimi wa wenyeji, watoto wakaingizwa katika nyumba za wakubwa, na Bartolomeu akalelewa katika jumba la Mwanamfalme João, mwana wa mfalme. Kwa hiyo huyu tunayemwita mvumbuzi Mreno alikuwa mtoto wa mhamiaji. Wala si yeye aliyekiona kisiwa kwanza. João Gonçalves Zarco na Tristão Vaz Teixeira ndio waliofika Porto Santo mwaka 1418 au 1419, naye akaja baada yao kukikalia na kukilima. Mwandishi wa matukio Zurara anasimulia kwamba Perestrello alichukua sungura jike mwenye mimba, akazaa chomboni, na wana wake walipofunguliwa kisiwani wakazaana hata wakala kila kilichopandwa. Walowezi wakashindwa, wakahamia Madeira kwa muda. Porto Santo ina kilomita za mraba 42 tu, na mnyama mdogo alitosha kuifilisi. Kilichompa Perestrello nafasi katika historia hakikuwa mavuno. Ilikuwa barua ya Novemba 1446, ambayo kwayo Mwanamfalme Henrique alimpa ukapteni wa kisiwa hicho, yeye na warithi wake. Barua za namna hiyo zilimpa kapteni haki ya kuhukumu kesi, kumiliki vinu vya kusagia na tanuri za mikate, kusimamia uuzaji wa chumvi, na kugawa ardhi kwa amtakaye.

Wanaoandika nasaba yake hutumia kurasa nyingi kuthibitisha kwamba Pallastrelli wa Piacenza walikuwa watu wa daraja. Sababu ya bidii hiyo inajulikana: binti yake, Filipa Moniz, aliolewa na Christopher Columbus yapata mwaka 1479, na kila aliyetaka kumpandisha cheo Columbus alilazimika kumpandisha kwanza mkwewe. Wenyewe hawakuonana kamwe, maana Perestrello alifariki yapata mwaka 1457. Lakini mwandishi wa historia Las Casas anaeleza kwamba mjane wa Perestrello, Isabel Moniz, alimpa mkwe hati na ramani alizoziacha marehemu. Mwaka 1492 mkwe huyo akavuka Atlantiki, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo watu wake wakayaona mahindi nchini Cuba.

Hapo ndipo Matisi inapoingia. Matisi ni wadi ya eneo bunge la Saboti, makazi ya watu waliokuja kutoka pande nyingi kutafuta kazi na ploti karibu na mji. Kibukusu kinasikika hapa, na Kisabaoti, Kikikuyu, Kiturkana na Kiluo pia, huku Kiswahili kikiwaunganisha wote sokoni na kwenye steji ya bodaboda. Kinachowalisha karibu wote ni kile kile: mahindi ya kuchoma kando ya njia, unga kutoka kinu cha posho, magunia ya kilo 90 yanayopakiwa lori baada ya kuvunwa na kupukuchuliwa. Trans-Nzoia ndilo ghala la mahindi la Kenya, na mtu akikulia huku anaweza kudhani zao hili liliumbwa pamoja na mlima. Ukweli ni kwamba lilitoka Amerika. Meli za Wareno ni miongoni mwa zilizolisambaza kwenye pwani za Afrika, na katika karne ya 17 lilikuwa linalimwa Unguja na Pemba. Bara lilienea polepole. Mahindi meupe yenye punje kubwa ambayo leo tunayaona ya kawaida yaliletwa na walowezi kutoka Afrika Kusini mwanzoni mwa karne ya 20. Kisha kuanzia mwaka 1955 kituo cha utafiti cha Kitale, chini ya Michael Harrison, kilianza kazi ya kuboresha mbegu. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa mjini humo mwaka 1956, na mwaka 1964 ikatoka mbegu chotara H611, iliyopatikana kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na aina iliyochukuliwa Ecuador. Amerika ikaja Kitale mara ya pili, safari hii kwa makusudi na kwa kipimo.

Kuna atakayesema kwamba kumhusisha Perestrello na sufuria ya ugali ya Matisi ni kulazimisha undugu. Anayo haki ya kusema hivyo, nami simpi Perestrello sifa ya mahindi. Mkulima wa Amerika aliyeyafuga kutoka kwenye nyasi za porini, maelfu ya miaka kabla ya Columbus, ndiye anayestahili sifa hiyo, na baada yake mwanamke wa Trans-Nzoia aliyeyapalilia kwa jembe la mkono. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho. Nasaba ya mtu kama huyu haina faida kwetu ikiwa kazi yake ni kutuambia babu yake alikuwa na ngao ya aina gani. Ina faida inapotuonyesha vitu vilivyopita mikononi mwa ukoo: hati, mbegu, desturi za kumiliki. Mbegu imetusaidia. Desturi ya kumiliki ndiyo inayonifanya niendelee na njia.

Ukitoka Kitale kuelekea Kiminini, mashamba makubwa na madogo yanapokezana, na mpangilio wa udongo wenyewe unasimulia. Miti iliyopandwa kwa mstari mrefu kuzunguka shamba kubwa ni alama ya mlowezi, na vipande vya ekari mbili, tatu au tano vilivyobanana ni alama ya skimu na ya makampuni ya kununua ardhi yaliyofuata uhuru. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1902 ilimruhusu mlowezi kukodishwa ardhi kwa miaka 99. Sheria ya mwaka 1915 ikaongeza hadi miaka 999. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wanajeshi Waingereza waligawiwa mashamba chini ya mpango wa mwaka 1919, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale kubeba mahindi yao. Aliyekuwa akiishi kwenye ardhi hiyo, au aliyefika kutafuta kazi, aliitwa skwota, na sheria ya mwaka 1918 ilimtaka amfanyie mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka ili apate mahali pa kujenga na kulisha ng'ombe. Weka karatasi hizi kando ya barua ya mwaka 1446. Aliyeandika yuko mbali na hajaiona nchi. Anayepewa anapewa pamoja na vizazi ambavyo havijazaliwa, maana miaka 999 si muda wa mtu, ni muda wa ukoo. Na anayelima anapata ruhusa ya kulima kutoka kwa aliyepewa.

Pingamizi la pili ni la wanasheria, nalo lina uzito zaidi. Waingereza walikuwa na desturi zao za ardhi, hawakuhitaji kufundishwa na Ureno, na kati ya mwaka 1446 na mwaka 1915 kuna karibu miaka mia tano. Nakubali kwamba sitapata karatasi iliyonakiliwa kutoka Porto Santo hadi Nairobi. Lakini mfululizo wa fikra haudai nakala. Wareno walijaribu ukapteni wa kurithi kwenye visiwa vya Madeira, wakaupeleka Azores, na mwaka 1534 mfalme wao akaikata pwani ya Brazili vipande vipande na kuwagawia makapteni kwa mtindo ule ule, ingawa Brazili ilikuwa imejaa watu. Kwenye bonde la Zambezi wakagawa mashamba ya prazo. Dola nyingine za Ulaya zilitazama, zikajifunza, zikatunga njia zao. Kilichobaki vilevile ni dhana ya kwanza, kwamba nchi mpya ni kisiwa: imezungukwa na maji, haina historia, inaanza siku mgeni anaposhuka chomboni.

Pwani yetu iliikataa dhana hiyo mapema, na mfano ulio wazi kuliko yote ni Kilwa. Mwezi wa Julai 1505 Francisco de Almeida, mwana wa Konti wa Abrantes, alifika Kilwa na manowari, akamfukuza Amiri Ibrahim, akajenga ngome, na akamtawaza Muhammad Ankoni. Almeida alikuwa na nasaba ya kutosha kwa viwango vya Lisbon. Tatizo lilikuwa nasaba ya aliyemtawaza. Ankoni alikuwa tajiri na mtu wa heshima, lakini hakuwa wa ukoo wa kifalme, na watu wa Kilwa walilijua hilo, kama alivyolijua yeye mwenyewe, maana alitaka ufalme baadaye umrudie mtoto wa sultani aliyeuawa kabla ya Ibrahim. Haukupita muda mrefu Ankoni akauawa, mji ukagawanyika, biashara ikahama, na mwaka 1512 Wareno wakaiacha ngome yao. Miaka saba. Kilwa ilikuwa na kumbukumbu yake ya kuanzishwa: historia ya Kilwa inasimulia kwamba Ali bin al-Hasan, aliyekuja kutoka Shiraz, alikipata kisiwa kwa kumpa mwenyeji nguo za kutosha kukizunguka. Msomaji anaweza kuitilia shaka habari ya nguo, na wanahistoria wengi wanaitilia shaka habari ya Shiraz yenyewe. Bado inaonyesha watu wa Kilwa walivyoielewa haki: hata mgeni mwanzilishi alimkuta mwenyeji, akapatana naye. Katika barua ya Perestrello hakuna mwenyeji. Katika barua za Trans-Nzoia mwenyeji yupo, ila ameandikwa kama kibarua.

Watetezi wa walowezi watasema: Trans-Nzoia ya mwanzo wa karne ya 20 ilikuwa tupu kweli, na wasafiri wa wakati huo waliandika hivyo. Hili lisipuuzwe, kwa sababu sehemu yake ni kweli. Vita vya wafugaji vya karne ya 19 na tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890 vilipunguza sana watu na mifugo kwenye nyanda hizi. Lakini utupu wa mwaka mmoja si utupu wa nchi. Mashimo ya Sirikwa yaliyotapakaa kutoka Uasin Gishu hadi Cherang'any ni mazizi ya ng'ombe yaliyochimbwa na wafugaji waliokuwa hapa kwa karne nyingi kabla ya karne ya 18. Wasabaoti walilisha kwenye miteremko ya Elgon na kwenye nyanda zilizo chini yake, na Tume ya Ardhi ya Carter, iliyofanya kazi yake kati ya mwaka 1932 na mwaka 1934, ilisikiliza madai yao. Misafara ya Waswahili ilipita upande huu ikitafuta pembe za ndovu na ikiwa na kituo chake Mumias. Mfugaji anayehamisha ng'ombe kwa majira huacha nyasi zikue. Mtu aliyezoea kuona umiliki kwenye ua na bomba la moshi akizitazama nyasi zile husema hapana mtu.

Na ukishapita Kamukuywa na Misikhu ukafika Webuye, hoja ya utupu inakwisha yenyewe. Juu ya mji kuna mlima wa Chetambe. Hapo, na kule Lumboka, Wabukusu walikuwa na maboma yenye kuta za udongo na mahandaki, na mwaka 1895 kikosi kilichoongozwa na ofisa Mwingereza C. W. Hobley kiliyashambulia kwa bunduki. Watu wengi waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, na mifugo ikatekwa. Hakuna serikali inayopeleka bunduki za rashasha kwenye nchi isiyo na watu. Nitalisema bila kupunguza: kati ya ushahidi wote ulio kwenye njia hii, Chetambe ndio unaopaswa kusomwa kabla ya sheria ya mwaka 1915, kwa sababu unaonyesha kwamba aliyeiandika nchi kuwa wazi alikuwa ameshapigana na wenyewe miaka 20 kabla. Kila mwanafunzi wa Bungoma na Trans-Nzoia anastahili kupelekwa pale akiwa bado darasa la chini, na mahali penyewe panastahili utunzaji wa kiwango kile kile kinachopewa Fort Jesus.

Liko pingamizi moja linaloniuma zaidi, kwa kuwa linatoka kwetu. Wabukusu nao husimulia kwamba walitoka Misri, wakatembea vizazi kadha wakizunguka Elgon. Waliojaa Matisi leo walitoka Kakamega, Nyeri, Lodwar na kwingineko. Kama kila mtu ni mhamiaji, mtoto wa Filippo Pallastrelli ana kosa gani kuliko wengine? Jibu langu ni kwamba kuhama hakuna kosa, na ndiyo maana nimekumbusha kuwa Perestrello mwenyewe alikuwa mtoto wa mhamiaji. Tofauti iko katika namna ya kupata mahali pa kukaa. Mbukusu aliyehamia bonde jipya alikuta watu, akapigana nao au akaoana nao, akabadilishana nao majina na desturi. Majina ya marika ya tohara ya Wabukusu, Kolongolo, Kikwameti, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa na Kananachi, mengi yake yana ndugu zao katika marika ya Wakalenjin. Nasaba ya namna hii imebeba jirani ndani yake, kwa wema na kwa ubaya. Aliyenunua ploti Matisi alimlipa mtu aliyekuwa hapo, akajenga ukuta mmoja na mwenzake. Ugomvi haukosekani, damu imemwagika Mlima Elgon kwa sababu ya ardhi ya Chepyuk, na uchaguzi umewahi kuwageuza majirani kuwa maadui. Lakini ukiuchimba ugomvi huo, mara nyingi chini yake utakuta barua: nani aliandikiwa skimu, nani alifutwa kwenye orodha, ofisi gani iliamua kwamba fulani ni mgeni. Uhamiaji ulizaa majirani, na karatasi iliyotoka juu ikawagawa.

Kati ya Webuye na Bungoma mahindi yanapungua na miwa inaanza. Bukembe kuna kiwanda cha Nzoia, kilichoanzishwa mwaka 1975 na kuanza kusaga mwaka 1978, na miwa imetanda hadi macho yanapochoka. Hapa lazima niwe mwangalifu, kwa sababu mvuto wa kuunganisha kila kitu na Madeira ni mkubwa. Muwa ulifika Afrika Mashariki kutoka Asia kwa njia ya Bahari ya Hindi, na Wabukusu hawakuusubiri Mreno. Kilichotoka Madeira ni mpango wa kuulima: eneo kubwa la zao moja, kinu kinachomilikiwa na mmoja, wakulima wanaokitegemea, na soko lililo ng'ambo. Madeira ya karne ya 15 ilikuza mpango huo kwa mifereji ya maji na kwa kazi ya watumwa, wakiwemo Waguanche kutoka visiwa vya Kanari na Waafrika. Mwaka 1478 Columbus alitumwa huko kununua sukari, na mwaka 1493 akavusha miwa kutoka Kanari hadi Karibi. Yaliyofuata kule, kwa Waafrika waliovushwa, yanajulikana. Mkulima wa Bukembe si mtumwa, na nisingependa neno hilo litumike ovyo. Ana shamba lake, ana mkataba. Lakini anayemiliki kinu ndiye anayeamua miwa itakatwa lini na italipwa lini, na muwa uliokatwa hausubiri. Sukari yake hupungua kila saa. Ndiyo maana kapteni wa Porto Santo alikuwa radhi kugawa ardhi kwa wengine huku vinu akibaki navyo. Alijua nguvu iko wapi. Mjadala wa sasa kuhusu nani aendeshe viwanda vya sukari vya magharibi mwa Kenya ungefaidika kama ungeanzia kwenye swali hilo la kinu, kabla ya kufika kwenye bei.

Bungoma ndiko njia inakoishia, kwenye mji wa ofisi za kaunti, ambako ardhi inazungumzwa kwa lugha ya hati miliki, ramani na mirathi. Barua ya Perestrello nayo iliishia kwenye mirathi. Alipofariki mwanawe alikuwa mdogo, na mwaka 1458 mjane akauuza ukapteni kwa mkwe mwingine, Pedro Correia da Cunha. Mtoto alipokua alidai kilichokuwa cha baba yake, na mwaka 1473 akarudishiwa. Kisiwa kilinunuliwa na kurudishwa ndani ya familia moja kama ng'ombe wa mahari, na waliokuwa wakikilima hawakuulizwa. Kenya ilichelewa kuifunga milki ya namna hiyo. Ibara ya 65 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema asiye raia atamiliki ardhi kwa kukodishwa tu, tena kwa muda usiozidi miaka 99, na mikataba ya miaka 999 iliyokuwa mikononi mwa wageni ikakatwa kufikia kiasi hicho. Raia wanaoshikilia mashamba makubwa yale yale ya Trans-Nzoia, yenye mipaka ile ile iliyopimwa kwa ajili ya mlowezi, ibara hiyo haiwagusi.